Nani Asikae na Nani Botini

Mgeni wa Nairobi akikwambia, "Nipeleke bichi," usiwashe gari. Muulize kwanza: bichi gani? Huku kwetu ziwani bichi ni mahali boti zinaposhusha samaki. Pana mizani, pana wanawake na mabeseni yao, pana omena, dagaa wetu wa ziwani, zimeanikwa juu ya nyavu kuukuu, na pana ndege wakubwa wanaongoja matumbo ya samaki. Mgeni, mwenzangu, akisema bichi, anaona mchanga na kiti cha kulalia.

Cheka tu, na wewe yatakupata. Mimi yalinipata na maharusi wapya, wana kofia pana na miwani myeusi. Nikawapeleka bichi, ile ninayoijua mimi. Bwana harusi akashuka na taulo begani. Mama mmoja muuza samaki akaitazama ile taulo, akaniuliza kwa Dholuo, "Huyu amekuja kuoga?" Nikasema ndiyo. "Mbele ya watu wote hawa? Kwao hakuna bafu?" Nilitamani ardhi inimeze. Bahati nzuri bibi harusi alikuwa na njaa, akina mama wakamkalisha, wakamkaangia samaki ngege mzima, akala mpaka akavua viatu. Wakaondoka wakisema hawajaona bichi nzuri kama ile. Lakini tangu siku hiyo swali langu la kwanza likawa ni hilo, bichi gani.

Naitwa Nyar Sori, maana yake binti wa Sori, kwa sababu nilizaliwa Sori kule Nyatike nikaolewa Homa Bay, na huku mwanamke aliyeolewa haitwi jina lake hata alibandike mlangoni. Kazi yangu kwa miaka mingi ilikuwa kupanga safari za siku moja: asubuhi mnakwenda, jioni mnarudi. Ofisi yangu ilikuwa meza na mwavuli mbele ya gesti. Sasa nimestaafu, magoti yamekataa kupanda boti, na nyinyi vijana mnaoanza kazi hii mmeniomba niwaeleze ujuzi wake. Nitawaeleza, lakini kwa mtindo wangu. Asiyependa hadithi aende akasome bango la bei.

Aliyenifundisha kazi hakuwa mwenye gesti. Alikuwa mpishi, Mama Konsolata, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Nilikuwa nimepanga safari ya walimu fulani, nimejisifu kweli: saa kumi na mbili chai, saa moja barabarani, saa tatu hapa, saa tano pale. Nikamwonyesha. Akaifuta mikono kwenye aproni, akasikiliza, akauliza, "Na wanarudi saa ngapi?"

"Tukimaliza."

"Yawa! Tukimaliza ni saa ngapi hiyo? Msichana, safari ya siku moja haianzi asubuhi. Inaanza jioni. Kwanza unasema, saa fulani kila mtu ameshuka kwangu, ananawa mikono, anakula. Halafu unarudi nyuma pole pole mpaka ufike kwa chai."

Sikumsikiliza, nilikuwa mjuaji. Walimu wale walikula mayai ya kuchemsha ndani ya gari, mvua inanyesha, gari limekwama, na mwalimu mkuu akiimba nyimbo za mazishi makusudi ili nisikie. Kesho yake nilienda jikoni mwenyewe nikakaa juu ya kigoda, nikasema, "Mama, nifundishe tena ile ya jioni."

Ndiye yeye aliyenifundisha na jambo la pili, ambalo simu zenu na ramani zenu haziwezi kuwaambia. Alisema, ukishajua saa ya kurudi, uliza nani asikae na nani. Nilidhani anasema juu ya watu waliogombana. Kumbe anasema juu ya wakwe.

Haya, sasa nifike kwa Mama Peres, maana jambo hilo nililisoma vizuri siku yake.

Kwanza alikuja Chacha. Mwanamume mkubwa, Mkuria wa Kehancha, kazi yake kukodisha viti na tenti za harusi na matanga pale mjini Migori. Alikaa mbele ya meza yangu, kiti kikalia.

"Nyar Sori, nataka mama mkwe wangu aende kisiwani Mfangano akamwone dada yake. Kwenda na kurudi."

"Vizuri."

"Jumamosi hii."

"Vizuri."

"Na mimi naenda naye."

Hapo nikaweka chini kikombe changu. Nyinyi mliozaliwa mjini labda hamjui, kwa hiyo nisikilizeni. Kwetu Wajaluo mwanamume na mama mkwe wake wanaheshimiana kwa umbali. Hawashikani, hawali meza moja, hawalali nyumba moja. Kwa Wakuria nako heshima ya mkwe si mchezo. Siku hizi nawaona watu wanawakumbatia mama wakwe wao kanisani, mimi nanyamaza, dunia imebadilika. Lakini Chacha na Mama Peres walikuwa wa zamani. Mmoja akiingia uani, mwingine anatokea nyuma ya nyumba. Na boti ni kitu chembamba, mwanangu. Ukikohoa mbele, wa nyuma anafuta uso.

"Kwa nini usimtume mke wako?" nikamuuliza.

"Ana mtoto mchanga, bado hajatoka nyumbani. Na ndugu zake wako mbali. Na mama haoni vizuri, atapotea."

"Wewe ndiye utamshika mkono?"

"Ai! Mimi? Hapana!" Aliinua mikono yote miwili juu kama nimemwonyesha nyoka. "Utamshika wewe. Mimi nitalipa, nitaendesha gari, nitakaa nyuma."

Nikaenda kumwona mama mwenyewe nyumbani kwake. Mwanamke mnene, mcheshi, Mkatoliki kama mimi, rozari shingoni. Akaniambia nisogee. Nikasogea. "Tena." Nikasogea mpaka pua zetu karibu zigusane. "Eh, sasa nakuona. Kumbe wewe mwembamba hivi, hawakulishi?" Halafu akanieleza. Jumatatu alikuwa apasuliwe macho huko Kisumu. Daktari alimwambia bila kumficha: jicho la kushoto limekwisha, la kulia watajaribu, ahadi hakuna. Dada yake Dorina, mkubwa wake, yuko Mfangano, miguu imekufa, hawezi kusafiri. Hawajaonana miaka mingi, sauti tu kwenye simu.

"Sauti ninayo," akasema. "Nataka uso. Nikifungwa kitambaa Jumatatu na kisifunguke tena, niwe nimeingia nao. Lakini lazima nifike karibu, umeona mwenyewe. Nikikaa mbali naona ukungu tu. Utanifikisha karibu?"

"Nitakufikisha, mama."

Nikampanga kutoka jioni, kama nilivyofundishwa. Jumapili lazima asafiri kwenda Kisumu, kwa hiyo kulala kisiwani hakuna. Alasiri upepo wa ziwa huamka, kwa hiyo saa saba tuwe tumetoka kisiwani. Kwa hiyo saa nne tuwe tumefika. Nikarudi nyuma hivyo hivyo mpaka chai. Nilijiona hodari sana.

Asubuhi ile Chacha alikuja na pikapu yake ya milango minne, na amevaa shati la kazi la buluu, lile lenye jina la biashara yake mgongoni. Nikamwambia, "Vua." Akanitazama. "Vua, tunapita Lambwe." Nyinyi mnaopeleka watu mbuga ya Ruma andikeni hili kwenye viganja vyenu: mbung'o anapenda rangi ya buluu kuliko binadamu anavyopenda nyama choma. Hata mitego yake hushonwa kwa kitambaa cha buluu. Mwenzangu mmoja aliwahi kupeleka kwaya nzima bondeni, sare buluu kutoka shingoni mpaka kwenye kifundo cha mguu, wakitaka kupigwa picha na twiga. Waliimba ubeti mmoja tu. Wa pili ulikuwa ni makofi, kila mtu anajipiga mwenyewe na kumpiga wa mbele yake. Basi Chacha akavaa shati la mlinzi wa gesti, likamfika kwenye kitovu, tukaenda.

Mama Peres alikaa nyuma ya kiti cha dereva ili wasionane hata kwenye kioo. Walizungumza kupitia kwangu. "Mwambie mkwe wangu barabara ni nzuri." "Mwambie mama ashukuriwe." Umbali wenyewe kati yao ni wa mkono mmoja, na wote wawili wanasikia, na mimi natafsiri Kiswahili kwa Kiswahili.

Tukafika Sindo, penye boti. Chacha akafungua nyuma ya pikapu, akaanza kushusha viti viwili vya plastiki.

"Hivyo vya nini?"

"Mimi siendi mahali bila kiti. Mama atakalia nini?"

"Atakalia bao la boti kama watu wote. Rudisha. Boti si tenti ya matanga."

"Nyar Sori, kiti hakiozi."

"Rudisha, nimesema!"

Akarudisha. Kumbukeni hilo, msinikumbushe.

Pale Sindo maji ya kando ni mafupi na boti haifiki mchangani, kwa hiyo vijana wa kubeba watu wanakuweka mgongoni na kukutia botini. Kijana mmoja mwenye mabega akambeba Mama Peres, naye akawa anamwuliza njiani kama amekula. Sasa ukalishaji. Mama Peres nikamweka mbele kabisa, anatazama kisiwa. Chacha nikamweka nyuma kabisa, karibu na injini, pamoja na nahodha wetu Okello. Katikati nikapanga magunia matatu ya mahindi ambayo Mama Peres alikuwa anampelekea dada yake, yamesimama wima, ukuta kabisa. Mimi nikakaa upande wa mama. Okello akaangalia, akasema, "Nyar Sori, hii ni boti ama ni boma?"

"Endesha."

Chacha, wa milima ya Kehancha, alikuwa hajawahi kupanda boti. Alivaa jaketi mbili za kuelea, moja juu ya nyingine, akashika ubao kwa mikono yote miwili, na sikusikia neno lake mpaka tumeona nyumba za kisiwani. Mbele, Mama Peres alikuwa anaimba.

Sasa ndipo ninapowaambia ujinga wangu, na mcheke mmalize. Ile bichi ya kina Dorina ina mawe. Boti haiwezi kukaribia, hasa mawimbi yakiwa yameanza, na siku hiyo yalikuwa yameanza mapema. Kule nako ni lazima ubebwe. Na wabebaji wa bichi ile, wote, nawajua kwa majina ya baba zao, ni Wasabato. Na ilikuwa Jumamosi. Nilikuwa nimepanga jioni, nimepanga mbung'o, nimepanga wakwe, nikasahau Sabato! Ufukweni hapakuwa na mtu. Kutoka mlimani tulisikia kwaya, nzuri kweli, na huwezi kwenda kumtoa mtu kwenye Sabato yake akubebee abiria.

Hapana, watu walikuwapo wawili. Bibi mmoja mzee amesimama, huyo alikuwa mke mwenza wa Dorina. Na kando yake, kwenye kiti cheupe cha plastiki, amekaa Dorina mwenyewe, amebebwa mpaka hapo kabla watu hawajaenda kanisani, amefunga kitambaa kipya kichwani.

"Peres!" akaita.

"Dorina! Uko wapi?"

"Si niko hapa! Hunioni?"

Mama Peres akanyoosha shingo, akakunja macho, akafuta uso kwa ncha ya leso, akakunja tena. "Naona ukungu," akasema kwa sauti ndogo. "Nyar Sori, ni ukungu tu."

Okello akasema yeye hawezi kuiacha boti, ikigonga mawe tunalala huko. Mimi nikaingia majini, yakanifika kiunoni, nikampa mgongo Mama Peres, nikasema nipande. Akaniwekea mikono tu mabegani na tayari nikazama mpaka kwenye kidevu. Akajirudisha haraka. "Utakufa, mtoto wa watu, na nitashtakiwa."

Wote tukageuka tukamtazama Chacha. Pale nyuma, mabega yale, shingo ile. Mtu anayeinua milingoti ya tenti peke yake. Na yeye anatazama maji.

"Kubwa ni moyo, mkwe," Okello akamwambia. "Ni dakika moja tu. Mungu ataelewa."

"Mungu ataelewa," Chacha akasema, "wazee wetu je? Mama mkwe mgongoni mwangu?" Alikuwa anataka kulia. Alikuwa amemleta mama huyu mpaka hapa, na sasa yeye mwenyewe, na nguvu zake zote, ndiye asiyefaa kitu.

Mama Peres akamjibu bila kugeuka. "Mwambie mkwe wangu asisumbuke. Dada yangu akitazama, mimi nipande mgongo wa mume wa mtoto wangu? Afadhali nirudi. Mwambieni Dorina nimefika. Turudi." Lakini hakuacha kutazama ule upande wa sauti. Mimi nilimwahidi kumfikisha karibu, na nilikuwa nimesimama kwenye maji, nimelowa, sina la kufanya, nasikia kwaya inaingia ubeti mwingine. Nilijichukia.

"Nyar Sori," Chacha akaita ghafla. "Mimi nabebaga nini kila siku?"

"Nini?"

"Kazi yangu. Nabebaga nini?"

"Viti, Chacha. Lakini viti tuliviacha Sindo, na nimeshajua, usinitukane."

"Na kile pale ni nini?"

Nikageuka. Nikamwona Dorina kwenye kiti chake.

Nikakimbia, kama mtu anavyoweza kukimbia ndani ya maji, mpaka kwa Dorina. Nikamweleza. Akanitazama tangu kichwani mpaka kwenye gauni lililonata. "Kiti changu? Mimi hiki kiti hata padri hakikalii."

"Ni cha kumletea Peres, mama."

"Na mimi nikae wapi? Miguu sina."

Akageuza uso ziwani, kwa dada yake aliyekaa mbele ya boti akitazama mahali pengine kabisa, si alipo yeye. Akaona. Nadhani mpaka hapo hakuwa amejua macho yamekwisha kiasi hicho, kwenye simu walikuwa wanataniana tu.

"Nishusheni chini," akasema.

Mimi na mke mwenza tukamshusha mchangani. Akakaa, akavuta gauni lake likafunika miguu, akasema, "Nenda basi, unangoja nini?"

Chacha alishuka botini akiwa na zile jaketi mbili, macho ameyafumba, akitaja watakatifu ambao mimi Mkatoliki sijawahi kuwasikia. Tukakiegemeza kiti kwenye ubavu wa boti, Okello na mimi tukamsaidia mama kukikalia. Halafu mimi nikashika mbele, miguu ya kiti, na Chacha akashika nyuma, chini ya mgongo wa kiti. Mama anatazama mbele, hamwoni. Yeye anaona kitambaa cha kichwa tu, na hata hicho aligeuza uso asikione.

"Hujanigusa, mkwe?" Mama Peres akauliza, safari hii bila kupitia kwangu.

"Mama, mimi nimebeba kiti. Mwenye kukaa juu, hayo ni yake na kiti."

Wuololo, alicheka! Alicheka mpaka kiti kikayumba, nami nikapiga kelele asicheke, naye ndipo akazidi. Tukafika nchi kavu, tukakiweka kiti mbele ya Dorina, na Chacha akakimbia akajificha nyuma ya mawe, kwa sababu Dorina naye ni dada wa mama mkwe, kwa hiyo ni mama mkwe vile vile. Sasa alikuwa na wawili wa kuwakimbia.

Kiti kilikuwa juu mno, Dorina yuko chini. Mama Peres akasema, "Na mimi nishusheni." Tukamshusha. Wakakaa wote wawili mchangani, na kiti kitupu kando. Peres akamshika dada yake mashavu, akamvuta, akaweka uso karibu kabisa, akamsoma pole pole: paji, macho, pua. Akafika mdomoni.

"Pengo lako bado liko."

"Litaenda wapi?"

"Ulilipata ukikimbia na samaki wangu."

"Samaki alikuwa wangu!"

"Wangu! Baba alinipa mimi!"

Wakagombana juu ya samaki aliyeliwa kabla mimi sijazaliwa, wameshikana nyuso, machozi yanawatoka, hakuna aliyeachia. Mimi nililia wazi wazi, sikuona haya. Okello kule botini alijifanya anatengeneza injini.

Upepo ulipoanza kukaza tukarudi vile vile, kiti mbele, Chacha nyuma. Dorina akapiga kelele: "Mkwe! Kiti changu kirudi!" Kutoka majini likaja jibu, "Kinarudi, mama!" Na mtu yule anayeogopa maji akageuka peke yake, kiti kichwani, akakipeleka mpaka mchangani, akakiweka akitazama pembeni, akarudi mbio.

Mwezi uliofuata alimpelekea Dorina viti sita vipya. Dorina aliwagawia jirani vitano, na cha sita akakiweka kando ya kile cha zamani, akisema ni cha Peres. Lile jicho la kulia liliitika, asante Mungu, kiasi cha Mama Peres kunitambua ng'ambo ya barabara na kuniuliza bado hawanilishi? Dorina alitangulia kabla ya mwaka kwisha. Mama Peres alienda kumzika, na jioni ya matanga, aliniambia, alikaa kwenye kiti chake, akafumba lile jicho zima na kuuona uso ule ule. "Ule wa siku ya maji," akasema. "Na pengo."

Tangu siku hiyo boti yangu haikutoka bila kiti cha plastiki. Watalii waliniuliza ni cha nini, niliwaambia ni cha heshima.

Sasa nimalize, mwangalie wenyewe kazi inavyomrudia mtu. Wiki iliyopita mkwe wangu, aliyemwoa binti yangu mdogo, alikuja hapa nyumbani. Alisimama pale langoni, pale mkwe anaposimama, akatazama viatu vyake. Kijana mpole, dereva wa lori, tangu aoe hajawahi kuniambia sentensi mbili mfululizo.

"Mama, shikamoo. Nasikia magoti yamekuzuia kwenda kwenu Sori kwa boti, kama ulivyozoea."

"Marahaba. Nani amekwambia?"

Akaanza kuhesabu vidoleni. "Tutarudi saa kumi na mbili jioni, mama. Kwa hiyo saa saba tumetoka kwenu. Kwa hiyo saa nne tumefika. Kwa hiyo tunatoka hapa saa kumi na moja na nusu alfajiri, umeshakunywa chai. Nimeongea na mwenye boti. Si Jumamosi."

Nikachungulia nyuma yake. Juu ya gari kulikuwa na kiti cheupe cha plastiki, kimefungwa kamba vizuri, mara mbili.

Nikatazama kando ili asione uso wangu, nikamwuliza swali la kazi, kwa ukali, kama ninavyouliza siku zote:

"Na nani anakaa wapi?"

"Wewe mbele kabisa, mama," akasema. "Mimi nyuma. Magunia nimeshapakia."